Goti Langu na Soli ya Mtu Mwingine

Kabla ya kuumia, nilikuwa na magoti mawili mazima na sikujua kwamba hiyo ni mali. Mimi ni Shem. Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nikiuza viatu vya mitumba Gikomba, upande ule wa mteremko unaoshuka mtoni, na nilikaa Makongeni, chumba kimoja, na mke wangu Mama Rispa na watoto wetu wawili. Mama Rispa alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani, na futi yake ya kupimia ilikaa shingoni mwake hata akipika.

Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, nilikimbia. Sikuwa mwanariadha wa magazetini. Lakini kila mwaka mwezi wa Desemba mitaa yetu ilikuwa na mbio ndefu: unaanzia uwanjani kwetu Makongeni, unafuata Jogoo Road mpaka Donholm, unaenda unaishika Kangundo Road, unageukia Komarock, wakati huo Komarock ikiwa bado mawe na mashimo ya msingi, halafu unarudi ulikotoka. Waandaaji walisema ni kilomita ishirini. Mimi nilihesabu nguzo za stima kwenda na kurudi, nikahesabu tena, na ninawaambia ni ishirini na mbili. Nilikuwa nimekimbia miaka saba mfululizo. Mara moja nilikuwa wa kumi na moja.

Hiyo ya kuhesabu mara mbili ni tabia yangu. Mke wangu huiita ugonjwa wangu wa kwanza. Ninachosimulia hapa ni ugonjwa wa pili.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua imenyesha wiki nzima, na mteremko wetu pale Gikomba umekuwa uji. Nilikuwa nimebeba beli ya viatu begani kwa sababu hamali alinitajia bei ambayo haikunipendeza. Mguu wa kulia ukazama kwenye tope mpaka kifundoni. Mwili ukageuka kwenda kibandani, beli ikageuka na mwili, goti likabaki linaangalia mtoni. Nilisikia mlio kama mtu amevunja muwa. Kisha nikajikuta chini, beli juu yangu.

Jirani yangu wa kibanda, Kariuki, alikuja mbio. Alitazama, akasema, "Shem, amka basi, unalalia mali." Alipoona siamki ndipo akanyamaza, na Kariuki akinyamaza, jua mambo ni mabaya.

Jioni ile goti lilikuwa boga. Ngozi ilinyooka hadi ikang'aa. Sikuweza kulikunja wala kulinyoosha. Na hapa nilifanya kosa la kwanza: sikwenda hospitali. Kulikuwa na mama mmoja plotini kwetu aliyesifika kwa kukanda watu. Alinikanda kwa maji moto na chumvi siku tatu. Mama wa watu alikuwa na nia njema na mikono ya chuma. Siku ya nne nilikuwa nalia kama mtoto na goti limekuwa maboga mawili.

Mama Rispa akaleta futi yake. Akapima goti la kushoto: inchi kumi na nne na nusu. Akapima la kulia: kumi na saba.

"Pima tena," nikamwambia.

"Kumi na saba, Baba Rispa. Hata suruali yako siwezi kuitanua hivyo. Vaa shati twende hospitali."

Hospitali ya serikali, tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Daktari alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, mikono yake baridi. Aliingiza sindano pembeni mwa goti, sindano ambayo sikuitazama mara mbili, hata moja sikuitazama yote. Akavuta maji. Yalitoka rangi ya chai isiyo na maziwa, yenye wekundu wa damu. Alijaza bomba, akamwaga, akajaza tena. Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika.

"Ni gegedu," akasema. "Ile nyama nyeupe ngumu unayoiona kwenye mfupa wa supu. Yako imechanika. Tutakufunga plasta wiki sita."

"Nne, daktari."

"Sita."

"Tano, basi, mimi ni mtu wa biashara."

Akamwangalia mke wangu. "Huyu ni hivi hata nyumbani?"

"Hata kanisani," Mama Rispa akajibu.

Ikawa sita. Nimepatana bei na Wahindi wa Biashara Street, nimepatana na akina mama wa Majengo ambao wakikuuzia yai unajikuta umenunua na kuku, lakini mtu huyo hakunipunguzia hata siku.

Wiki sita za plasta nitazieleza kwa ufupi, lakini sitaficha kitu, maana kuna mtu anayepita huko sasa na anadhani ni yeye peke yake. Kwanza, choo. Vyoo vyetu vilikuwa vya kutumiwa na plot nzima, vya kuchuchumaa. Mtu mwenye mguu mmoja kama mti wa mlingoti hachuchumai. Mama Rispa alitoboa kiti kizee, akakiweka juu ya ndoo, na nikajifunza unyenyekevu ambao mahubiri ya miaka mingi hayakunifunza. Pili, kunguni. Waligundua kwamba ndani ya plasta kuna nyumba ya bure isiyodaiwa kodi. Nilikuna kwa spoku ya baiskeli mpaka Mama Rispa akaificha. Tatu, hasira. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chai baridi, na chai yenyewe ilikuwa moto.

Plasta ilipokatwa, harufu iliyotoka ilimfanya hata msaidizi aliyezoea kugeuka pembeni. Ngozi ilibanduka kama ganda la kitunguu. Lakini kilichonitisha ni paja. Lilikuwa limekwisha. Paja lililopanda Kangundo Road mara saba lilikuwa limelegea, jembamba kama mkono wa mke wangu.

Daktari alilibonyeza goti, akalisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Likijaa tena," akasema, "nitalifungua niitoe gegedu yote. Na nikilifungua, usahau mbio. Na mizigo pia."

"Nipe mpaka Desemba. Kuna mbio zetu."

Nilidhani atacheka. Badala yake alifikiri. "Desemba ni miezi sita. Sawa. Lakini sikiliza. Goti lililokaa kitini halinipi jibu. Lipe kazi, kisha niletee. Kimbia hizo mbio zako Jumamosi, uje Jumatatu nilipime. Likiwa sawa, nenda zako. Likiwa limejaa, unalala juu ya meza. Na likijaa hata kabla ya hapo, mapatano yamekufa."

Nilimpa mkono. Ndiyo biashara pekee niliyowahi kufanya ambayo mwenye kutaja bei hakuwa mimi.

Alinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mpole wa sura aliyeitwa Madam Njoki. Upole uliishia hapo.

"Funga mfuko huu wa mchanga kifundoni," akasema. "Nyoosha mguu, inua, shikilia, shusha. Mara thelathini."

"Ishirini, Madam. Leo ni siku ya kwanza."

"Arubaini."

"Haki, ulisema thelathini!"

"Hiyo ilikuwa kabla hujaanza kuniletea Gikomba hapa. Ukisema neno, ni hamsini."

Nikainua arubaini, nikatetemeka jasho likidondoka kwenye saruji. Nyumbani nilishona mfuko wangu kwa soksi na mchanga, nikawa nainua mguu kibandani kati ya mteja na mteja. Kariuki alikuwa akiwaambia watu, "Msimjali, anaotesha mguu mpya." Na kila asubuhi Mama Rispa alipima magoti yote mawili na mapaja yote mawili, akaandika kwenye daftari lake la wateja, katikati ya kiuno cha huyu na kifua cha yule. Juni, goti lilikuwa kumi na tano na nusu. Mwisho wa Julai, kumi na nne na nusu. Paja likaanza kurudi, polepole, kama mtu aliyekasirika anayerudi nyumbani kwa kuzunguka plotini kwanza.

Mwisho wa Agosti Madam Njoki aliniruhusu kukimbia. Sheria yake: tembea nguzo kumi, kimbia mbili. Kila wiki unaongeza nguzo mbili za kukimbia, huongezi tatu.

"Na ukihisi maumivu, unaacha. Hujadiliani nayo."

Siku ile nilijipa zawadi. Kwenye beli mpya kulikuwa na viatu vya mbio vya ng'ambo, rangi ya samawati, soli nene kama mkate, saizi yangu kabisa. Havikufika mezani. Nilivitoa kwenye beli nikavivaa papo hapo, na nilipotembea hatua tatu nilijiona nimekuwa mrefu.

Septemba ilikwenda vizuri. Nguzo mbili, nne, sita, nane. Nilikuwa napita karibu na reli alfajiri na wafanyakazi wa zamu wananipigia kelele, "Baba Rispa, umefufuka!" Mwanzo wa Oktoba nikaanza kuhisi kitu upande wa ndani wa goti. Si maumivu hasa. Ni kama mtu anabisha hodi kwa kidole kimoja. Nikapunguza nguzo. Hodi ikaendelea. Nikapumzika siku tatu, ikanyamaza. Nikakimbia, ikarudi, sasa kwa ngumi.

Asubuhi moja Mama Rispa alipima, akapima tena bila kuambiwa. Hapo nikajua.

"Kumi na tano," akasema.

"Nusu inchi tu."

"Nusu inchi kwenye nguo ndiyo inayopasuka watu wakikutazama."

Madam Njoki alibonyeza pale ndani, nikaruka. Alikunja uso. Aliniuliza kama ninabeba beli. Sibebi. Kama nimeongeza nguzo zaidi ya mbili. Nikamwapia kwamba nimehesabu. Akasema, "Nakupa wiki mbili. Mguu usipopoa, nitamwandikia daktari mwenyewe. Siwezi kumficha."

Ndugu msomaji, nilitoka pale nimekwisha. Nilisimama nje nikashika lango. Mtu anaweza kuvumilia plasta, kunguni na ndoo, kwa sababu anaona anakwenda mahali. Lakini kurudishwa nyuma baada ya kufuata kila sheria, hiyo inaingia mfupani. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nimeachana na mbio. Yeye hakusema nisiache. Alisema tu, "Basi viatu hivyo viuze. Visikae hapa vikikutazama."

Jumamosi iliyofuata nikaviweka mezani, mbele kabisa, nimevipangusa. Akaja mama mmoja. Nilimfahamu kwa sura. Alikaa Mukuru kwa Njenga, alifanya kazi kiwandani, na kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu. Alikuwa akimtafutia kaka yake viatu. Alivishika vile vya samawati, nikaanza wimbo wangu.

"Mama, hivyo ni vya ng'ambo. Hata mwenyewe nimevivaa, ndiyo maana nakuambia."

Hakunisikiliza. Alivigeuza. Alipitisha kidole gumba kwenye kisigino cha kulia, kisha akaviweka juu ya meza, soli chini, akainama mpaka jicho likawa sawa na mbao.

"Hivi sinunui," akasema.

"Kwa nini? Taja bei yako."

"Hata bure. Angalia mwenyewe. Hiki cha kulia kimeliwa upande wa ndani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa magoti kugongana. Kaka yangu akivivaa, atatembea mwendo wa mtu asiyemjua. Wewe ulivivaa hukuona?"

Niliinama. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelala kuelekea ndani kama nyumba inayotaka kuanguka.

Kariuki alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Na alikuwa na haki. Kwa maana kazi yangu yote ni hiyo! Kila mteja niliyewahi kumpa kiatu, nilikigeuza kwanza. Nimewaambia watu elfu moja: kiatu cha mtumba kina mwendo wa marehemu wake, yaani mwenyewe wa kwanza, angalia soli kabla hujapenda rangi. Mimi ninayehesabu ngazi za kanisa mara mbili nilivaa viatu hivyo miezi miwili sikugeuza hata mara moja. Kila nguzo niliyoikimbia, mguu wangu mgonjwa ulikuwa unasukumwa ndani na mtu wa ng'ambo ambaye sikuwahi kumsalimu.

Nilipogeuka kumshukuru, yule mama alikuwa ameshaenda zake.

Jumatatu nilimpelekea Madam Njoki viatu. Aliviweka mezani, akainama vilevile, jicho sawa na mbao.

"Miezi yote hii ninatibu mguu," akasema, "kumbe mgonjwa ni kiatu. Nawe ni muuza viatu!"

"Usinimalize, Madam."

"Na mimi ni mjinga pia, sikukuuliza unakimbia na viatu gani." Akanipa wiki mbili za kupumzika na mfuko wa mchanga mara hamsini. Sikujadiliana.

Kutafuta viatu vingine kulinichukua siku nzima. Katika kibanda changu vya saizi yangu vilikuwa jozi tisa. Niligeuza zote, zote zilikuwa na mwendo wa mtu. Nikaenda kwa Kariuki. Alikuwa na raba nyeusi kama za watoto wa shule, hazina jina wala sifa, soli zake zimelala sawa kama sahani. Kariuki alinitajia bei ya mgeni. Nikamwambia, "Ndugu, mimi ni jirani." Akajibu, "Jirani yangu ni mgonjwa, na mgonjwa hana mguu wa kwenda kutafuta kwingine." Nililipa.

Wiki mbili zilipokwisha, goti lilikuwa kumi na nne na nusu. Nikaanza upya: tembea kumi, kimbia mbili. Zilikuwa zimebaki wiki tano tu, na kwa sheria ya nguzo mbili kwa wiki nisingefika Desemba nikikimbia njia yote. Madam akanipangia: kimbia nguzo kumi, tembea nne, kimbia kumi, tembea nne, mpaka mwisho, hata kama nani anakupita.

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa bibi kizee na kikapu."

Siku ya mbio tulikuwa wengi uwanjani. Mpinzani wangu wa miaka yote, Odhiambo wa Kaloleni, alinitazama raba nikaona anatafuta utani. "Wee Shem, umekuja kukimbia ama kwenda shule?" Firimbi ikalia. Watu wote waliondoka kama maji. Nami nikahesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye ya kumi, nikatembea.

Hakuna aibu kama kutembea mbele ya watu wa Jogoo Road asubuhi. "Baba, umesahau nini nyumbani?" "Mpeni kiti!" Mwili ulikuwa na nguvu, ulitaka kwenda. Niliupinga kila nguzo. Baada ya Donholm nilianza kuwapata wale waliotoka kwa fujo, nikawapita, nikatembea, wakanipita, nikawapita tena. Mwanamume mmoja akaniambia, "Jamaa, amua moja!"

Kule Komarock, kwenye kugeuka, nilimkuta Odhiambo amekaa juu ya rundo la mawe ya ujenzi, anashika tumbo. Aliponiona aliinuka, tukaenda pamoja. Nguzo kumi zikaisha. Nikatembea. Yeye akaendelea, akageuka kuniita, "Njoo, wacha kuhesabu nguzo za wenyewe! Tukimbie tuwamalize hawa!" Na goti lilikuwa kimya kabisa. Hakuna hodi. Kila kitu ndani yangu kilisema nenda. Nikakumbuka nusu inchi. Nikamwambia, "Nenda. Mimi nina miadi Jumatatu."

Nilimaliza wa sitini na mbili. Nilirudi kumwuliza karani wa mezani aangalie tena orodha. Sitini na mbili.

Jumapili Mama Rispa alishika futi. Nikamkataza. Nilikaa na mguu juu ya mto siku nzima, sikuugusa. Nilihisi joto kwenye goti, kisha nikashindwa kujua kama ni joto la goti au la hofu. Alfajiri ya Jumatatu nilikunja suruali nikakodoa macho, nikaona kubwa, nikaona dogo, nikashusha suruali.

Daktari hakuuliza habari za mbio. Alibonyeza, akakunja, akanyoosha, akalizungusha. Akachukua futi yake ya chuma.

"La kushoto, kumi na nne na nusu." Kalamu. "La kulia."

Nilitazama ukuta. Mama Rispa alitazama futi. Jicho lake la fundi lilisoma kabla ya daktari, nikasikia pumzi yake ikitoka.

"Kumi na nne na nusu," akasema daktari.

"Pima tena, daktari."

"Unadhani nimekosea?"

"Hapana. Ni mazoea."

Alipima tena. Ilikuwa ileile. Aliandika mstari mmoja kwenye kadi, akafunga faili, akasema, "Nenda zako. Na useme asante kwa huyo mama wa mazoezi." Nilikuwa nimeshasema, lakini nilirudi nikasema mara ya pili.

Namshukuru Mungu aliyenihifadhi mguu. Namshukuru Mama Rispa, aliyebeba ndoo na kuandika inchi bila kunihesabia. Na kwako wewe uliyelala sasa na goti lililovimba: usikandwe, nenda hospitali. Inua mguu mara zote ulizoambiwa, kwa sababu ukiiba mara tano umejiibia mwenyewe. Maumivu yakirudi, usikate tamaa kabla hujatafuta yanapotoka. Na ugeuze viatu vyako leo, kabla hujaendelea na shughuli nyingine.

Yule mama wa Mukuru alirudi Januari. Alikuwa bado anamtafutia kaka yake. Akachagua jozi ya ngozi, akataja bei ya chini kabisa, ile bei mtu anaitaja ili mpate pa kuanzia.

"Sawa," nikasema. "Chukua."

Hakuchukua. Alinitazama kwa shaka kubwa. "Mbona hubishani? Viatu hivi vina nini?"

Akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye visigino. Akaviweka mezani, akainama, jicho likawa sawa na mbao. Kisha akavigeuza mara ya pili.